Kasia la Kando ya Horace

11 Januari
Pumzi: 640.

Daftari hili ni la Watu wa Damu, lakini mwandishi ni mimi, Clement, miaka kumi na minane, kifua bora kisiwani. Sijisifu. Namba ndizo zinazosema.

Watu wa Damu walishuka melini wiki iliyopita, madaktari watano na masanduku mengi kuliko nguo, wakajaza ukumbi mzima. Wamekuja kututoa damu kwa sindano na kutupulizisha. Wanataka kujua kwa nini hapa Tristan, watu hatufiki hata mia tatu, karibu nusu yetu tuna pumu. Nasema tuna, mimi sina. Mkubwa wao, Daktari Lorna, kanipa kipima pumzi, kibomba cha plastiki chenye mshale, na daftari la kuandika namba kila asubuhi. Namba ni moja kwa siku na kurasa ni tele. Nikaona karatasi nzuri namna hii isiachwe ilale njaa. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, na sidhani mwalimu alilia, lakini kuandika naandika.

Elvin kapuliza 410. Niliuliza mara mbili, aliyesikia mara ya kwanza asidhani nimemsingizia.

Elvin ni nani: baba yake na baba yangu ni ndugu, mama yake na mama yangu ni ndugu. Babu zetu ni walewale, bibi zetu ni walewale, na tumepishana wiki tatu kuzaliwa. Pua moja, masikio mamoja. Ila kifua chake kinapiga mluzi kama chai inachemka, ndiyo maana mimi namwita Birika.

12 Januari
Pumzi: 645. Kuchimba viazi.

13 Januari
Pumzi: 640. Viazi. Elvin kabanwa saa nne, akakaa ukutani na kikombe cha chai yenye asali alichopelekewa na mama yangu. Mama yangu mimi. Mistari yake minne ya viazi nimeichimba mimi, na hakuna aliyeniletea hata maji.

17 Januari
Pumzi: 640.

Habari kubwa. Mzee Amos kasema mgongo wake umekataa, kasia halishiki tena. Kwa hiyo kuna nafasi kwenye mashua ya Mjomba Wilfred, na katikati ya Machi mashua zinakwenda kisiwa cha Nightingale kuchukua mafuta yanayokamuliwa kwa ndege wa baharini. Mvulana akishavuta kasia mpaka Nightingale na kurudi, hakuna tena anayemtuma dukani.

Niandike kanuni, maana humo ndimo nilimo. Mashua ina mabenchi matatu, kila benchi watu wawili, huyu kasia la kulia, huyu la kushoto. Babu aliweka sheria kwamba wenye pumu wawili hawakai benchi moja. Mmoja akibanwa, mwenzake awe na kifua cha kuishikilia mashua mpaka mtu asogee kusaidia, la sivyo inageuka ubavu na bahari inaingia. Wavutaji watano waliobaki, watatu wana pumu, mmoja kila benchi. Mzee Amos alikuwa anakaa kando ya Horace, mtoto wa Mjomba, na Horace ana pumu tangu anyonye. Atakayekaa pale lazima awe na kifua safi. Wavulana wenye kifua safi wasio na mashua ni mimi, halafu mimi tena.

Nilikwenda kusimama mbele ya banda la Mjomba, nikajinyoosha. Akanisalimu. Kisha akamwita Elvin, wakakaa nusu saa wakikagua turubai linalofunika mbavu za mashua, Elvin akionyesha kwa kidole kama fundi mkuu. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

24 Januari
Pumzi: 635.

Watu wa Damu wametandaza karatasi ukuta mzima wa ukumbi. Ni sisi sote, kuanzia wale wachache waliokuja mwanzo, mpaka watoto wa juzi. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyesema ana pumu anapakwa weusi. Kwa mbali ni kama sweta limeliwa na nondo. Mraba wangu mweupe. Nilisimama karibu nao kwa muda wa kutosha.

Elvin akamuuliza Daktari Lorna imekuwaje, yeye na mimi tumetoka chungu kimoja, yeye mweusi mimi mweupe. Daktari akachukua karata za mezani. Akasema kila mzazi ana karata mbilimbili za kila aina, na mtoto hupewa moja kutoka kila jozi, bila kuchagua. Waliokuja kisiwani mwanzo walikuwa wachache, na baadhi yao walikuja na karata za pumu, na kwa kuwa tumeoana sisi kwa sisi, karata zilezile zinazunguka. Si karata moja, ni nyingi ndogondogo, na vumbi na paka na baridi nazo zina la kusema. Wawili wanaweza kutoka nyumba moja na karata tofauti kabisa mkononi.

"Kwa hiyo Elvin kagawiwa takataka," nikasema.

Watu walicheka. Daktari hakucheka. Alimtazama Elvin kama mtu aliyevua samaki asiyemjua, akamwambia swali lake ni zuri. Mimi nilikuwa na maswali mazuri pia, hakuna aliyeniuliza kama ninayo.

Rosina, dada yake Elvin, ana miaka ishirini, anafungasha kamba wa baharini kiwandani, mikono kama ya baharia. Naye ametoka chungu hichohicho, analala na paka wawili na hajawahi kupiga hata chafya. Akaniambia, "Wewe Clement, kifua hujakijenga, umekikuta. Punguza."

1 Februari
Pumzi: 610. Nililala vibaya. Ukungu mpaka mlangoni.

2 Februari
Elvin kapewa dawa mpya, ya kuvuta asubuhi na jioni. Bure. Mimi nimepewa daftari.

5 Februari
Pumzi: 620. Elvin 480. Hakuna anayeuliza yangu siku hizi. Kijiji kizima kinamuuliza Birika: leo ngapi, Elvin? Yeye anataja kwa sauti ndogo, kama mtu anayeficha zawadi.

8 Februari
Pumzi: 600, lakini nilipuliza nikiwa nimesimama vibaya.

Elvin kafika 520. Leo nje ya kanisa nilimsikia Mjomba akimwambia baba yangu kwamba labda, kwa dawa hizi mpya, kanuni inaweza kulegezwa. Kwamba Elvin anaisoma bahari kama kitabu, na kasia si kifua tu.

Damu ilinipanda. Nikapaza sauti, watu wote wakiwa bado na nguo za ibada. Nilisema kanuni ni ya Babu, aliiweka baada ya nduguye kuzama, na sidhani Babu aliandika mahali kwamba inalegea kufuatana na mpwa. Kisha Mzee Amos akasema mtoto kasema kweli, kanuni ni kanuni. Mjomba akavaa kofia yake, akasema ataamua tarehe ishirini.

Elvin alikuwa amesimama palepale. Alitazama viatu vyake. Nilidhani nitafurahi zaidi.

10 Februari
Pumzi: 580. Kikohozi cha asubuhi, cha kawaida.

14 Februari
Pumzi: 615. Upepo wa magharibi siku ya nne. Chuma kimegongwa alfajiri kutangaza siku ya kuvua, kisha bahari ikabadili mawazo.

19 Februari

Leo zamu yangu ya mvuke. Unavuta mvuke kwenye bomba, unapuliza kipimo, wanaongeza dozi, unapuliza tena. Kifua kizima hakijali. Cha mwenye pumu kinajifunga. Elvin alisimamishwa dozi ya kwanza tu. Mimi niliingia nikipiga mluzi, nikamwambia Daktari Lorna aweke chupa zote karibu, nitazimaliza kama soda.

Dozi ya kwanza, 630. Ya pili, 600. Ya tatu, 530, nikamwambia bomba lake lina ufa. Ya nne, mtu alinikalia kifuani, mtu mwenye uzito wa Mama Mkubwa Edna baada ya Krismasi. Nikasikia mluzi. Niligeuka kumtafuta Elvin, nimwambie atoke nje na birika lake. Elvin hakuwepo. Chumbani tulikuwa mimi na Daktari tu.

Alinipa dawa, mtu yule akaanza kunyanyuka kifuani kidogokidogo. Mshale ulikuwa umesimama 440.

"Clement, huwa unaamka na kikohozi?"

"Kisiwa hiki kila mtu anaamka na kikohozi, Daktari."

"Ndiyo maana tumekuja."

Akaniambia ninayo, na pengine nimekuwa nayo siku zote. Imekaa kimya kwa sababu haijapata cha kuiamsha, ila baridi na kazi nzito vinaweza kuiamsha. Nikauliza kama karata hugawiwa upya. Akasema hapana, ila huchezwa vizuri au vibaya. Kanipa pampu ya bluu ya kuvuta nikibanwa, na dawa ya asubuhi na jioni, sawa na ya Elvin.

Nikamwomba asiupake mraba wangu. Akasema ukutani hakuna kinachopakwa ila alichosema mtu kwa kinywa chake, na majibu yangu ni yangu, hatamwambia mtu yeyote. Kisha akaketi, akasema anajua kesho ni tarehe ngapi.

"Mjomba wako anatakiwa kulijua hili kabla hajakupa kasia. Ukitaka nitakwenda na wewe. Lakini wa kusema ni wewe."

Nilisema nitasema.

Pampu na dawa nimeviingiza ndani ya kiatu cha zamani chini ya kitanda. Kwetu pampu zimetapakaa kila nyumba, juu ya redio, kando ya sukari, na sijawahi kumwona mtu akiionea haya. Ila wao hawakusimama nje ya kanisa kama mimi.

20 Februari

Banda la mashua lilijaa. Mjomba alisema amefikiri sana. Alisema Elvin anaijua bahari kunizidi, na ninalijua hilo. Lakini kanuni ilinunuliwa kwa maisha ya mtu, na yeye si wa kuiuza. Akanitazama.

"Kifua chako ni safi?"

Hapo palikuwa pazuri pa kusema. Elvin alikuwa amesimama karibu na usukani, ameushika kama mtu anayeaga. Laiti angekuwa anatazama kwingine. Lakini alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe ni yeye aliyetamani changu.

"Safi, Mjomba."

Wakanipiga mgongoni. Elvin alikuja akanipa mkono, akasema hongera, akasema nisimwache Horace. Usiku mama alichinja kondoo. Niliketi kwenye kiti cha baba. Nyama ilikuwa tamu sana, nilikula mpaka wakanionea wivu.

21 Februari
Pumzi: 540. Mjomba kauliza, nikamwambia 640.

23 Februari
Pumzi: 560. Wameambiwa 640. Mazoezi ya kasia, bahari shwari. Hakuna kilichotokea. Madaktari nao hukosea.

24 Februari
Elvin 560. Tumelingana. Yeye anapanda, mimi nashuka kumpokea. Hapewi kasia na bado ana raha, anacheka na Horace kama hakuna aliyemshinda. Nimeshinda mimi, na anayecheka ni yeye. Hebu mtu anieleze.

26 Februari
Pumzi: 530. Wameambiwa 645, nimeongeza tano za sikukuu. Daktari Lorna tulikutana dukani. Aliniuliza kama nimeshazungumza na Mjomba. Nikasema bado kidogo. Akanunua biskuti zake, akaondoka.

Rosina alikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Akauliza nizungumze nini na Mjomba. Nikamwambia ni mambo ya wanaume. Akasema, "Basi yatakuwa mafupi."

2 Machi
Pumzi: 520. Mvua. Kesho kutwa au mtondo tunazunguka kwa mashua kwenda Sandy Point, upande wa pili wa kisiwa, kuchuma matufaha.

5 Machi

Naandika nikiwa nimeketi wima kitandani. Kulala chali siwezi.

Tulitoka asubuhi mashua mbili, tanga juu, tukafika Sandy Point bila kutoka jasho. Tukachuma mpaka magunia kumi na manne. Saa saba upepo ukageuka, ukatujia usoni, baridi kama barafu. Mjomba akashusha tanga. Kurudi ni makasia, chini ya majabali, mahali ambapo hakuna pa kutua.

Nusu saa ya kwanza nilivuta kama bingwa. Nilimwambia Horace anifuate akiweza. Horace ana miaka thelathini, ana mke na watoto wawili, na hajawahi kunijibu vibaya maishani. Akasema, "Taratibu, ndugu yangu, njia ni ndefu." Nikaongeza.

Kisha nikasikia mluzi. Ulikuwa wa Horace. Alivuta mara tano sita zaidi, akainua kasia, akasema kwa upole amebanwa. Akavuta pampu yake mara mbili, akaiweka juu ya benchi kati yetu. Mjomba akapaza sauti kutoka nyuma: "Clement, shikilia!" Kazi yangu ilikuwa kuinuka, kukaa katikati, kushika makasia yote mawili mpaka Gilbert wa benchi la mbele avuke magunia aje. Dakika tatu. Ni kwa ajili ya hizo dakika tatu tu benchi lile hutafutiwa mtu mwenye kifua safi.

Nilishika yote mawili. Nilivuta mara nane, nilihesabu. Mara ya tisa yule mtu mzito akaja akakaa.

Hewa iliingia lakini haikutoka. Nilifungua mdomo kama samaki. Pampu ya Horace ilikuwa pale, ya bluu, shubiri moja kutoka gotini kwangu, inaviringika kila wimbi likipita. Kama yangu iliyo ndani ya kiatu. Kunyoosha mkono tu. Na kila mtu mashuani angeona, na Mjomba angeona, na jioni Elvin angeambiwa. Niliifikiria sura ya Elvin akiambiwa. Bahari yote ile, na mimi nilimfikiria Elvin.

Sikuichukua.

Kasia la kushoto likaniponyoka. Mashua ikageuka ubavu, wimbi likaingia lote, kijani, mpaka magotini. Horace akaanguka sakafuni majini, uso rangi ya majivu, akikohoa maji na hewa pamoja. Magunia yakaanza kuelea. Mjomba hakupiga kelele tena, na hilo ndilo lililonitisha. Gilbert alinirukia, akanisukuma pembeni kama gunia jingine, akashika makasia. Mashua ya pili ikatutupia kamba. Tulitupa matufaha yote baharini. Kuna wakati mdomo wa Horace uliacha kucheza, na Mjomba, huku ameshika usukani kwa mkono mmoja, alikuwa anamvuta mwanawe kola kwa mkono wa pili ili kichwa kisizame.

Tulifika. Horace amelazwa, anapewa hewa ya mtungi.

Na mimi je? Mimi ni shujaa. Naapa. Ufukweni wote walikuwa wanasema, kijana alivuta kasia la watu wawili mpaka akadondoka. Mama analia kwa fahari. Elvin alinifunika blanketi kwa mikono yake, akasema, "Mimi nisingeweza, Clement. Babu alikuwa sahihi."

Mlango nimeufunga. Pampu nimevuta mara mbili. Imefanya kazi papo hapo. Hilo ndilo linaniua, imefanya kazi papo hapo.

6 Machi
Pumzi: 400.

Nilikwenda kumwona Horace. Watoto wake walikuwa miguuni pa kitanda wanacheza na soksi zake. Sauti haijarudi vizuri. Alinishika mkono akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuangusha."

Nikatoka nje. Muuguzi akadhani nimeguswa.

7 Machi
Sikupuliza.

8 Machi

Mjomba alikuwa bandani peke yake, anapaka rangi mahali turubai lilipochanika. Nilisimama mlangoni. Akasema ingia, unazuia mwanga.

Nilitaka kuanza na mzaha. Nimezoea kuanza na mzaha. Haukuja.

"Mjomba, sikuchoka siku ile. Nilibanwa. Nina pumu."

Brashi iliendelea. "Tangu lini?"

"Nimejua tangu tarehe kumi na tisa Februari."

Alipaka mpaka mwisho wa kiraka, akarudia, akafunika kopo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Ningelipokea kwa mikono miwili.

"Ishirini nilikuuliza," akasema. "Mbele ya watu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi njiani, yote yalikuwa na Daktari ndani yake. Nikasema ukweli. Nikasema kila mtu alikuwa anamtazama Elvin. Akiwa mgonjwa wanamtazama, akipona wanamtazama, na wewe Mjomba ulikuwa unataka kumvunjia kanuni, na hakuna aliyewahi kutaka kunivunjia mimi chochote.

Mjomba aliifuta brashi kwa kitambaa. Kisha akasema, "Horace ana watoto wawili." Akafungua kopo tena, na mimi nikaondoka.

9 Machi

Nikawaambia wote, ni afadhali walisikie kutoka kwangu. Baba alisema atazungumza na mimi akipoa, naona hajapoa. Elvin nilimkuta anafunga mbwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kamba.

"Uliposema nimegawiwa takataka mbele ya Watu wa Damu," akasema, "ulikuwa umeshajua?"

"Wakati ule sikujua."

"Na bandani, nilipokupa mkono? Na siku ya mazoezi?"

"Nilijua."

Akaingia ndani, mbwa naye akaingia. Ukumbini nimemwambia Daktari Lorna aupake mraba wangu. Akanipa kalamu nipake mwenyewe. Nimetoka nje ya mstari.

10 Machi
Pumzi: 470.

Mjomba kauliza leo baada ya ibada, kwa sauti ya watu wote: nani hana mashua, amevuta mvuke wa Watu wa Damu mpaka mwisho, na yuko tayari kusema kwa kinywa chake? Wanaume wakatazamana. Wenye vifua safi wana mashua zao tayari.

"Mimi," akasema Rosina. "Dozi zote. Mpaka Daktari akafunga chupa."

Watu wakacheka. Mzee Amos akauliza kama kasia analijua au anadhani ni mwiko. Rosina akamgeukia, hakukasirika hata kidogo.

"Babu Amos, miaka sita Elvin anakwenda kuvua na kimashua cha baba, anarudi amebanwa. Unadhani nani alikuwa anavuta kurudi?"

Nilimtazama Elvin. Alikuwa anacheka, na alitikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo alijua. Miaka yote mimi nampigia hesabu Elvin, na aliyekuwa na kifua, na mikono, na bahari, alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye foleni ya biskuti.

Mjomba akasema, "Kesho asubuhi, bandani." Mzee Amos akasema haijawahi kutokea. Mjomba akasema kanuni inasema kifua, haikusema ndevu.

11 Machi
Pumzi: 490. Rosina yuko mazoezini. Nilikwenda kuangalia ili nimwone akikosea. Hakukosea.

12 Machi
Elvin alikuja bila kubisha hodi. Alinikuta na pampu mdomoni, akasimama akitazama.

"Unavuta kama mtu anayekunywa supu," akasema. "Toa hewa yote kwanza. Vuta polepole. Shika. Hesabu kumi."

Nikahesabu kumi. Hatukuzungumza jambo jingine. Akaketi, akanywa chai yangu yenye asali, ambayo mama alikuwa ameniletea mimi.

14 Machi
Pumzi: 530. Horace katembea mpaka ufukweni na kurudi. Daktari kasema anaweza kwenda Nightingale kama akiwa na mtu mzuri kando yake.

16 Machi
Pumzi: 540.

Wameondoka. Chuma kiligongwa kabla ya jua, upepo mwema wa kaskazini magharibi. Saa kumi na moja Rosina alibisha dirishani, anatafuta suruali ya kuvaa mashuani. Suruali ya mpira ya baba yake inamfika kifuani, ya Elvin imetoboka. Mama akasema ile niliyonunuliwa mimi kwa ajili ya safari hii ipo mpya kabisa kwenye msumari. Nikasema haitamfaa. Akaivaa palepale juu ya sketi, ikamkaa kama ilikatwa kwa ajili yake.

Mimi na Elvin tuliisukuma mashua, maji kiunoni. Rosina aliketi kando ya Horace, akatema mate viganjani, akavuta. Nilimtazama mgongo wake ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, mpaka wakapandisha tanga. Elvin aliuliza kama nimebanwa. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli, kifua kilikuwa wazi kabisa. Akasema basi mbona nimekunja uso.

Sasa ni saa nne. Elvin yuko mlangoni na jembe, kuna mistari imebaki mashambani. Suruali yangu inakaribia Nightingale.